Ile Video Iliyokatwa na Mizani ya Zombo

Mzee aliyevaa koti la kaki kwenye ile video mnayotumiana ni mimi. Sauti ni yangu, koti ni langu, na maneno mnayoyasikia niliyatamka mwenyewe bila kushikiwa fimbo. Ila video ina dakika moja na kitu, na mimi siku ile niliongea karibu robo saa. Naandika ili mjue dakika nyingine zilikwenda wapi. Mtanivumilia nikizunguka kidogo, kwa sababu nimefanya kazi moja tu maishani na kazi hiyo imeniharibu. Siwezi kuwekewa kitu mbele yangu bila kutaka kujua chini yake kuna nini. Mke wangu, Mama Tatu, ameshazoea. Nikiletewa sahani ya wali nainyanyua kidogo kwanza, ananiambia, haya, kagua, ukimaliza ule.

Nilikuwa mkaguzi wa vipimo hapa wilayani Kilosa mpaka nilipostaafu. Kama hamuijui kazi hiyo siwalaumu. Unaingia buchani, unaweka jiwe lako la kilo moja juu ya mizani ya mwenye bucha, unatazama kama mizani yake inakubali kwamba kilo ni kilo. Ikikubali, unaipiga muhuri. Ikikataa, unaifunga na mwenyewe unamwandikia faini. Tulikagua mizani za mazao, madebe ya mpunga, fimbo za mita za wauza vitambaa, na pampu za mafuta kule Mikumi barabarani. Nilitembea na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, limefungwa nyuma ya baiskeli, na njia ya Zombo wakati wa masika ilinifundisha kulibeba begani na baiskeli nayo begani.

Aliyenifundisha ni Mzee Mkude, Mluguru mfupi, mpole, asiyemwamini mtu yeyote. Alisema ukifika dukani salimia vizuri, ulizia watoto, na chai ukikaribishwa ushukuru bila kuinywa. Kisha usimtazame muuzaji usoni, maana uso umefundishwa. Tazama mikono, halafu inua mizani utazame chini. Wengi wanaoiba huficha chini, alisema, kwa sababu mnunuzi anatazama mshale.

Na kweli nimeyaona ya chini. Sumaku iliyobandikwa kwa nta ya nyuki. Debe lililogongwa kitako kikarudi ndani, ukilitazama kwa juu ni debe zima. Bucha moja ya Magomeni, hii yetu ya Kilosa, ilikuwa na uzi mweusi kutoka kwenye sahani ya mizani mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa mwenye bucha, na yule bwana alikuwa akivuta huku anakuuliza habari za nyumbani. Pale Mikumi kulikuwa na kijana wa pampu aliyependa sana kuwaambia madereva kwamba tembo wanavuka barabara. Dereva akigeuka kuangalia mbugani, pampu inaanza bila kurudi sifuri. Nilijaza mafuta kwake mara mbili kabla sijagundua kwamba siku zote tembo wanavuka wakati wa kuanza tu.

Ninyi mnaniambia siku hizi ni dijitali, namba hazidanganyi. Namba ni kweli hazidanganyi, ila waya unaokwenda kwenye namba nimeufuata. Kwenye duka moja uliishia chini ya kaunta, kwenye swichi ya kubonyeza kwa goti. Kwa hiyo mkifika mbele ya mizani ya dijitali, mwombeni mwenyewe asogee hatua mbili nyuma ndipo mpime. Mtu mwaminifu atasogea huku anacheka.

Msidhani nilizaliwa hodari. Mwezi wangu wa kwanza kazini niliifunga mizani ya bucha siku moja kabla ya Idi, watu wamepanga foleni mpaka barabarani, kwa sababu jiwe langu lilionyesha mizani ile inawapunja. Mwenye bucha aliapa mpaka machozi yakamtoka. Nikamwona mwigizaji. Mzee Mkude alipofika alichukua jiwe langu, akaligeuza, akakwangua tope lililokauka kwenye kitako chake. Lilikuwa tope la Msowero, nililiokota nilipoangusha sanduku. Akaniamuru niombe radhi mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya kusikika na mtu wa mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke. Yule bwana akanipa nyama nusu kilo niende nayo nyumbani, na Mzee Mkude akanikataza kuipokea.

Sasa nije kwenye lililonipeleka kwenye video.

Mnaijua lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linashindiliwa kwa miguu, halafu juu yake linaunganishwa kipande kingine cha gunia kwa kamba, linajazwa tena mpaka linaota kichwa. Mkulima analipwa gunia moja. Mwenye kufaidi ni mnunuzi, na anayekuja na kamba na vijana wa kushindilia ni huyohuyo mnunuzi. Lakini sheria tulivyokuwa tunaitumia ilimkamata yeyote aliyekutwa na gunia. Na barabarani anayekutwa na gunia ni mkulima, anasubiri lori.

Nilimkuta Bi Mwanaidi njia ya Msowero, ameketi juu ya magunia yake matatu ya mahindi. Alikuwa mama wa makamo, mjane, na mahindi yale ndiyo aliyovuna mwaka mzima. Mnunuzi alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, anakunywa soda kibarazani. Nilimwona. Nilijua yeye ndiye aliyeshindilia, kwa sababu vijana wake walikuwa bado wanapangusa miguu. Lakini alikuwa mtu mzito, alijuana na wakubwa wangu, na mwezi ule kesi zangu zilikuwa chache na ofisi ilitaka idadi. Nikamwandikia Bi Mwanaidi. Nikayazuia magunia mpaka alipe, nikayaweka nyuma ya ofisi, hakuna paa, na mvua ikanyesha siku tatu.

Alipokuja na faini, mahindi yalikuwa yameota ndani ya magunia, vichipukizi vimetoboa vikatokeza nje. Hakulia. Aliyashika, akaniangalia, akasema, "Yameongezeka uzito, mwanangu. Niandikie tena."

Nilistaafu nikiwa na vyeti na mkono wa kwaheri, lakini sentensi ile sikuwahi kuipatia jibu. Alishafariki. Sikuwahi kwenda kumwomba radhi, na kusema kweli niliona aibu, nikaiacha aibu iwe kisingizio.

Mwaka huu mwanzoni mwa msimu wa ufuta, kijana mmoja alinifuata nyumbani Magomeni. Jina lake Edga, ana adabu, aliniamkia akiwa ameinama na akamwamkia Mama Tatu hivyohivyo. Akasema yeye ni mratibu wa kampeni ya kuondoa kero za wakulima. Wanakusanya maoni ya wananchi ili ofisi za ukaguzi zifutwe, ile ya vipimo ikiwa ya kwanza, kwa sababu zinaonea watu na kupandisha gharama. Soko lijiendeshe lenyewe. Mnunuzi mbaya atakimbiwa, mnunuzi mzuri atafuatwa. Akaniomba nije Mikumi kwenye semina nitoe ushuhuda kama mtu aliyekuwa ndani.

Mama Tatu aliniuliza usiku ule nani anayelipia semina. Nikamjibu ni wakulima wenyewe. Akaniuliza wakulima gani hao wenye kukodi ukumbi wa hoteli. Sikupenda swali lake, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitasema nini. Miaka mingi nilibeba jambo la Bi Mwanaidi peke yangu, na sasa watu walikuwa wanataka kulisikia. Nilitaka kuungama, vijana wangu. Mtu anayetaka kuungama hachagui sana padri, na mimi ni Mwislamu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kulikuwa na pilau, kofia za kijani kwa kila mtu, na fulana zilizoandikwa mkulima huru. Nilisimama nikasimulia yote kama nilivyowaeleza hapa. Nilisema tulimwonea yule mama. Nilisema ofisi yangu ilikuwa na uonevu. Kisha nikasimulia mnunuzi aliyekuwa anakunywa soda, nikasema dhambi yetu kubwa ilikuwa kumwogopa yeye, na kwamba ofisi ikipata watu wasioogopa, lumbesa inakwisha kwa msimu mmoja. Nilipigiwa makofi zaidi mwanzoni kuliko mwishoni. Niliona hilo, nikalipuuza.

Nilikaa, nikala pilau, na iliyonisaidia siku ile ni ile tabia yangu mbaya. Kijiko kilianguka. Nilipoinama kukiokota mkono wangu ukainua kiti kitupu cha jirani, nikatazama chini. Kulikuwa na jina limepakwa kwa rangi. Nikainua kingine. Jina lilelile. Ni jina lililoandikwa kwenye maghala makubwa ya mazao kule barabarani, na sitalitaja hapa, kwa sababu mwenye maghala ana mawakili na mimi nina pensheni. Nitamwita Bwana Maghala. Ananunua karibu ufuta wote wa upande huu. Miaka yote nilianza na chini kisha nikatazama mshale. Siku ile nilianza na makofi.

Nikamuuliza Edga kuhusu viti. Akasema wameviazima tu, mzee. Inawezekana. Lakini lori lililovileta lilikuwa la kubebea ufuta, na punje zilikuwa bado sakafuni mwake.

Siku mbili baadaye video ikaanza kuzunguka, na lazima niseme ukweli wote, siku ya kwanza nilifurahi. Watu wa Magomeni walinisimamisha dukani kunipa mkono. Mwendesha bodaboda alikataa nauli yangu. Mama Tatu ndiye aliyeitazama mpaka mwisho kwenye simu ya binti yetu, akairudia, kisha akaniuliza swali moja.

"Sehemu ya mnunuzi iko wapi?"

Nikaitazama na mimi. Nasema tulimwonea. Nasema ofisi ilikuwa na uonevu. Halafu makofi, na maandishi kwamba hata mkaguzi mstaafu amekiri, futa ofisi sasa. Bwana wa soda hayumo. Nilihisi kama mtu aliyeenda kuomba msamaha akakuta ametumwa kuiba kwenye nyumba ileile.

Nilimpigia Edga. Alikuwa na adabu bado. Alisema video ndefu watu hawaangalii, mzee, wamechukua kiini. Nikamwambia kiini wamekitupa, wamebaki na ganda. Akasema fomu za wananchi zinapita vijijini wiki hii, Zombo siku ya gulio, na kama nina la kuongeza nifike, mkutano ni wa wazi.

Nikapanda bodaboda nikaenda Zombo. Kituo cha kununulia ufuta ni banda la bati, na chini ya boriti walikuwa wamening'iniza mizani ya saa, ile ya duara yenye mshale na ndoano. Upande mmoja karani wa mnunuzi anapima na kuandika. Upande mwingine, kivulini humohumo, Edga ana meza, fomu na kofia. Mtu anauza, anahama hatua nne, anasaini. Sikuhitaji kuinua kiti chochote.

Niliomba kusema. Nikaeleza kwamba video imekatwa. Walinisikiliza kwa heshima ya umri tu. Mmoja akauliza kama wamenipunja posho ndiyo maana nimegeuka, watu wakacheka, na nauli ya Mikumi walinirudishia kweli na niliipokea. Wengi pale waliwahi kuandikiwa faini na sisi, au baba zao. Nilikuwa naitetea ofisi ambayo wao waliijua kwa kuzuiwa magunia.

Kisha akaja dada mmoja, mtoto mgongoni, kiroba cha ufuta kichwani. Ni Zuhura, katibu wa kikundi cha wanawake wakulima, kina mama ishirini na kitu wanaouza pamoja. Walikuwa bado hawajasaini, walimngoja yeye. Aliniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Kisha akasema kwa sauti ileile ya kuamkia, "Wewe ndiye uliyeozesha mahindi ya bibi yangu Msowero."

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Akasema nimekuwa jasiri wa kumtaja kwenye simu za watu baada ya kufa kwake, na hata njia ya nyumbani kwao nilikuwa naijua. Nikasema ni kweli. Nilifikiri sasa ataenda moja kwa moja mezani kusaini, na nadhani hata Edga alifikiri hivyo, maana alimsogezea kalamu. Zuhura akasema atauza kwanza.

Karani akaanza kupima. Zuhura alikuwa na viroba sita vya kikundi, vingine vimebebwa na wenzake, na karani alivitundika kimoja kimoja. Mmoja wa wale mama akauliza kwa nini wasivifunge pamoja wapime mara moja. Karani akasema utaratibu ni kimoja kimoja, ndoano itakatika. Ile ndoano inabeba gunia zima. Anayetaka kupima vidogovidogo mara nyingi, kuna kitu anakipata kila anapopima.

Nikasogea. Kwenye kioo cha mizani, upande wa sifuri, kulikuwa na plasta nyeupe imebandikwa. Nikauliza ni ya nini. Karani akasema kioo kina ufa. Nikamwomba aibandue. Akasema, "Mzee, wewe ni mstaafu. Una kitambulisho?"

Sikuwa nacho. Nilirudisha siku ile ya kuagwa, na mawe yangu ya shaba niliyakabidhi pia. Nilisimama pale mikono mitupu, najua kwa asilimia mia mshale unaanzia nyuma ya sifuri, na sina hata kilo moja ya kuthibitishia. Nimewahi kuona haya mbele ya watu, lakini siku ile nilijihisi mnyonge. Nilielewa kwa mara ya kwanza jinsi mkulima anavyosimama mbele ya mizani ya mtu mwingine.

Zuhura alikuwa anatutazama. Akauliza, "Ukipata kitu ambacho uzito wake unajulikana, utajua?"

Nikasema ndiyo, hata kiwe nini.

Asubuhi ile alikuwa ametoka kumpima mtoto kliniki. Akatoa kadi ya mtoto kifuani, akampa mama wa jirani ashike. Akamfungua mtoto mgongoni, akamvalisha kile kisuruali cha kitambaa cha kupimia, ambacho kila mama huenda nacho kliniki, akakitoa kiroba ndoanoni na kumtundika mwanawe kwenye mizani ya ufuta. Karani alitaka kuzuia, lakini huwezi kumsukuma mtu aliyeshika mtoto mbele ya kina mama ishirini. Mtoto alining'inia, akatazama watu, akanyonya kidole.

Kadi ilisema kilo tisa. Mizani ilisema saba.

"Labda amejisaidia njiani," karani akasema.

"Kilo mbili?" Zuhura akamuuliza.

Hapo ndipo walipocheka, na kicheko kile kiliisha ghafla, kila mmoja alipokumbuka viroba vyake vya asubuhi, na vya mwaka jana, na vya mwaka juzi. Mama mmoja akabandua plasta kwa kucha. Kioo hakikuwa na ufa. Mshale ulikuwa umelala nyuma ya sifuri, unasubiri mzigo.

Zuhura akamrudisha mtoto mgongoni, akamgeukia Edga. "Hii kazi unayofanya ikifanikiwa, ofisi ikafutwa, hili nimpelekee nani?"

Edga alisema soko lenyewe litamwadhibu, wasimuuzie tena, wauze kwa mwingine. Zuhura akamuuliza mwingine yupi. Kuanzia pale mpaka reli, banda la kununulia ni hilo na mengine mawili, yote ya Bwana Maghala. Simu yake ilikuwa juu ya meza ikirekodi tangu mwanzo, na sasa nilimwona anaizima. Nikamwambia endelea kurekodi, kijana, hiki ndicho kiini. Hakuendelea. Simlaumu sana. Aliajiriwa kukusanya kero, na hii haikuwa kwenye orodha aliyopewa.

Waliosaini asubuhi walidai fomu zao. Edga akasema zimeshaondoka na gari kwenda Mikumi. Kwa hiyo majina hayo yapo kwenye maoni ya wananchi, na huenda mkayasikia yakisomwa. Mkisikia Zombo imeunga mkono, mjue walisaini kabla mtoto hajapimwa.

Nilimwambia Zuhura nitaandika barua ofisi ya vipimo, najua inavyoandikwa, mkaguzi aje na mawe. Nilisema kwa furaha kidogo, kama mtu aliyerudishiwa kazi. Akaniambia nisifurahi.

"Bibi yangu alikufa anakuchukia," akasema. "Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake, hilo si langu kutoa. Ofisi yenu naitaka, lakini siitaki kama ilivyokuwa. Andika kwanza la bibi."

Nikamuuliza kama ana maana niandike kwenye barua hiyohiyo. Akasema ndiyo, juu, kabla ya la mizani. Mkaguzi atakayekuja ajue tangu mwanzo kwamba sisi tunawaandikia hata wakaguzi.

Karatasi hatukuwa nayo. Edga alitupa fomu moja tupu, tukaandikia upande wa nyuma. Nikapiga magoti mbele ya benchi nikaandika, mlalamikiwa wa kwanza, jina langu kamili na cheo nilichokuwa nacho, na magunia matatu ya Mwanaidi, mjane wa Msowero, na mvua, na bwana wa soda ambaye sikumgusa. Mlalamikiwa wa pili, mnunuzi wa ufuta kituo cha Zombo, na kilo mbili za mtoto. Zuhura akasoma mpaka mwisho ndipo akasaini, na kina mama wote wakafuata.

Barua niliipeleka mwenyewe ofisini Kilosa kesho yake. Nyuma ya meza alikuwa kijana ambaye hanijui, mmoja peke yake na mafaili ya wilaya nzima. Nilimchunguza mikono kwanza, msinicheke. Akaisoma barua polepole, akarudi juu kwenye mlalamikiwa wa kwanza, akachukua kalamu na kuniuliza kama mtu huyo yuko hai na anapatikana wapi.

Nikamwambia anapatikana, nikavuta kiti nikakaa.